Ng'ombe Amepandishwa, Mimba Haikai: Hesabu Siku Kabla ya Kulaumu Mbegu

Simu zinazopigiwa madaktari wa mifugo hapa Nairobi, kuanzia Dagoretti na Kabete hadi Mwiki na Ruai, nyingi huanza hivi: "Daktari, huyu amerudi tena. Ile mbegu ilikuwa mbovu." Kurudi ni ng'ombe kuonyesha tena joto, yaani hamu ya kupandwa, baada ya kupandishwa. Mbegu huweza kuwa mbovu, sikatai. Lakini mara nyingi mbegu ilifanya kazi yake, yai likatungwa, na kiinitete, yaani mimba changa kabisa, kikafia ndani kabla mwenye ng'ombe hajajua kwamba kilikuwepo.

Swali la kwanza, basi, ni hili: amerudi siku ya ngapi? Jibu lake huonyesha wapi pa kutafuta. Asiye na tarehe hana pa kuanzia, na hapo ndipo watu huanza kununua dawa za kubahatisha kwenye agroveti. Kalenda ya ukutani na kalamu iliyofungwa kwa uzi kwenye mlango wa banda vinatosha kabisa.

Kinachoendelea ndani

Yai la ng'ombe likishatoka kwenye ovari hudumu saa 6 hadi 12 hivi. Likikutana na mbegu kwenye mrija wa uzazi, kiinitete huanza kujigawa huku kikishuka polepole. Siku ya 4 au ya 5 huingia kwenye kizazi. Siku ya 7 kimekuwa kifuko chenye maji ndani, siku ya 8 au 9 kinatoka kwenye ganda lake, na wiki ya pili ikiisha kinaanza kurefuka mpaka kuwa uzi mwembamba. Kinarefuka kwa sababu. Kufikia siku ya 16 hivi lazima kiwe kimetoa protini ya kutosha, iitwayo interferoni-tau, ili kizazi cha mama kijue kuna mimba. Kizazi kikipata habari hiyo hakitoi prostaglandini, homoni inayovunja mwili wa manjano (tezi ndogo inayobaki juu ya ovari pale yai lilipotoka), na mwili huo unaendelea kutoa projesteroni, homoni inayolinda mimba. Habari isipofika, mwili wa manjano unasinyaa na ng'ombe anarudi kwenye joto kama ambaye hakupandishwa kamwe.

Kwa ng'ombe anayetunzwa vizuri, karibu mayai 9 kati ya 10 hutungwa. Vifo vingi hutokea kabla ya siku ya 16, ndiyo maana havionekani: hakuna damu, hakuna uchafu, hakuna hata dalili ya maumivu. Baada ya siku ya 42 hivi kiinitete huhesabiwa kuwa kijusi, na kikitoka baada ya hapo ndipo watu husema ng'ombe ametupa mimba.

Dalili ya 1: Anarudi kati ya siku ya 18 na 24, tena na tena

Hii ndiyo inayowasumbua wengi. Maana yake ni moja kati ya mawili: yai halikutungwa, au kiinitete kilikufa mapema kabla ya kujitambulisha kwa mama. Kwa macho huwezi kutofautisha. Sababu zake ni hizi, kuanzia inayotokea zaidi.

*Muda wa kupandisha.* Joto lenyewe ni pale ng'ombe anaposimama tuli akipandwa na mwenzake. Hudumu saa 12 hadi 18 hivi kwa wastani, na yai hutoka saa 10 hadi 12 baada ya joto kuisha. Hapo ndipo ilipotoka kanuni ya wapandishaji, yaani wataalamu wa kuweka mbegu kwa sindano, tangu miaka ya 1940: akionekana asubuhi, apandishwe jioni; akionekana jioni, apandishwe asubuhi inayofuata.

Kanuni ni rahisi, maisha ya Nairobi siyo. Mwenye ng'ombe ametoka alfajiri kuwahi kazi mjini. Kijana anayelisha anasikia kelele saa mbili asubuhi, anadhani ni njaa. Habari inamfikia tajiri saa moja usiku. Mpandishaji yuko Juja, anasema atakuja kesho, na kesho yenyewe Thika Road imefungana. Sindano inaingia saa nane mchana, saa 30 tangu kelele ya kwanza, na kelele ya kwanza haikuwa mwanzo wa joto. Yai limezeeka. Na yai lililozeeka huenda likatungwa bado. Tatizo ni kwamba kiinitete chake huwa dhaifu na hufa ndani ya siku chache. Ukiwahi mno nako, mbegu hufa zikingoja yai.

Kagua hivi: mtazame ng'ombe alfajiri, mchana na usiku kabla ya kulala, dakika 20 kila mara, na isiwe wakati wa kulisha au kukamua. Ng'ombe aliye peke yake bandani hana wa kumpanda, kwa hiyo tafuta ute mwangavu unaoning'inia, uke uliovimba na kuwa mwekundu, kutotulia na maziwa kushuka ghafla. Andika saa ulipoona dalili ya kwanza. Saa uliyompigia mpandishaji haisaidii chochote. Na mwambie kijana ana ruhusa ya kumpigia mpandishaji mwenyewe. Hii imesaidia boma nyingi kuliko dawa yoyote ninayoijua.

*Chakula.* Ng'ombe aliyezaa karibuni anatoa maziwa mengi kuliko anavyokula, kwa hiyo anakula mwili wake. Yai unalotaka litungwe leo lilianza kukua miezi miwili au mitatu nyuma, wakati mama yake akikonda. Halafu projesteroni yake iko chini, na kiinitete kinakua polepole kisifikie urefu unaotakiwa siku ya 16. Simama nyuma yake, mtazame mifupa ya nyonga na mbavu. Kwenye kipimo cha unene cha 1 (mkondefu) hadi 5 (mnono), anafaa kuzaa akiwa 3 hadi 3.5, na asishuke zaidi ya nusu pointi hadi pointi moja baada ya hapo. Usimpandishe kabla ya siku 45 hadi 60 tangu azae. Kizazi chenyewe huhitaji takriban siku 40 kurudi mahali pake.

Kuna kosa la upande wa pili ambalo ni letu sisi wa mjini: protini nyingi bila nguvu. Machicha ya pombe ni rahisi kupata, mbolea ya kuku inatoka kwa jirani, nepia imekatwa ikiwa changa sana kando ya mto. Protini ikizidi na wanga ukipungua, urea hupanda kwenye damu na kubadilisha majimaji ya kizazi, mahali kiinitete kinapoishi bila kujishikiza kwa karibu wiki tatu. Ongeza kitu cha nguvu: unga wa mahindi, pumba, molasi au saileji nzuri ya mahindi. Mbolea ya kuku mimi ningeiacha kabisa, maana huja pia na hatari ya sumu ya mizoga (botulizimu). Saileji au mahindi yenye ukungu yatupwe. Kuna ukungu unaotoa sumu inayoiga homoni ya joto, na ng'ombe huchanganyikiwa mzunguko wake wote.

Chumvi ya madini iwepo kila siku, hasa yenye fosforasi, shaba, zinki na seleniamu. Jiwe la chumvi lisilolambika kwa sababu limefunikwa na kinyesi ni sawa na kutokuwepo. Maji nayo: ng'ombe wa maziwa hutaka lita 60 hadi 100 kwa siku, na kwa mtaa wenye mgao wa maji hilo ni tangi, si ndoo mbili za asubuhi.

*Mbegu na mkono wa mpandishaji.* Kituo cha serikali cha kuzalisha mbegu kipo Kabete tangu 1946, na mbegu zinazotoka pale au zinazoagizwa nje hupimwa kabla ya kuuzwa. Zinapoharibika, kwa kawaida huharibika njiani. Hukaa ndani ya naitrojeni ya majimaji yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na naitrojeni hupungua kila siku hata mtungi ukifungwa. Mtungi ukikaa karibu tupu siku moja, stroo zote, ile mirija midogo inayobeba mbegu, zimekufa, na ukijazwa tena kesho yake hakuna atakayejua kwa kutazama.

Usione haya kumwangalia mpandishaji akifanya kazi. Angalia kikombe. Stroo inayeyushwa kwenye maji ya nyuzi 35 hadi 37 kwa sekunde 30 hadi 45, na maji hayo yanapimwa kwa kipimajoto. Nimeona stroo ikitumbukizwa kwenye maji ya thamosi yaliyobakia ya chai, mvuke bado unapanda. Mbegu zile ziliiva. Baada ya kuyeyushwa inapanguswa ikauke, inakatwa, inaingizwa bila kuachwa juani. Mbegu inawekwa pale mlango wa kizazi unapoishia tu. Akikuambia amesukuma mbali sana ili ishike vizuri, huyo hajui anachofanya. Muulize pia kama amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, aliyesajiliwa hakasiriki.

Neno moja kuhusu mbegu iliyochaguliwa jinsia ili upate ndama jike: stroo yake ina mbegu chache mno, takriban milioni 2 badala ya milioni 15 hadi 20 za kawaida. Ni ya mitamba wenye afya. Kumpa ng'ombe anayerudia ni kuongeza hasara.

*Fukuto la banda.* Watu hushangaa nikilitaja kwa sababu Nairobi ni mji wa baridi. Ndiyo, mwezi wa Julai. Lakini Februari na Machi, chini ya mabati ambayo mtu anayagusa akinyoosha mkono, kuta zimezibwa pande zote kwa kuogopa wezi, Friesian mwenye maziwa mengi anahema kwa shida. Kiinitete cha siku ya kwanza na ya pili ndicho kinachoumia zaidi kwa joto la mwili wa mama. Kikishapita siku ya tatu kinaanza kuhimili. Kwa hiyo siku mbili baada ya kupandishwa ndizo za kulinda. Hesabu pumzi zake saa nane mchana: zikizidi 60 kwa dakika anateseka. Inua paa, toa mabati ya ukutani upande wa upepo, weka wavu wa kivuli, maji yawe karibu. Mpe chakula kingi jioni na alfajiri.

*Kizazi kisicho safi.* Baada ya kuzaa kwa shida au kondo la nyuma kukawia, kizazi hubaki na uvimbe mdogo ndani bila usaha wowote kuonekana nje. Yai linatungwa, kiinitete kinashuka siku ya 5 na kukuta mahali pa kuishi pamechafuka. Hili si la kukagua mwenyewe.

*Ukoo.* Mwisho kwenye orodha, lakini lipo. Kupandisha binti kwa mbegu ya baba yake hutokea sana pale ambapo jina la fahali halikuandikwa. Na hata bila kujua, koo mbili zinaweza kukutana na hitilafu ile ile. Fahali wa Marekani aliyeitwa Pawnee Farm Arlinda Chief, aliyezaliwa 1962, alipendwa sana kwa maziwa ya binti zake na uzao wake ukaenea duniani kote kati ya ng'ombe wa maziwa aina ya Holstein. Baadaye sana ndipo wanasayansi walipogundua alikuwa na jeni iliyovunjika: kiinitete kinachorithi nakala mbili hakiishi. Inakadiriwa mimba zaidi ya laki tano zimepotea duniani kwa jeni hiyo moja. Siku hizi mafahali hupimwa na katalogi huonyesha. Kubadilisha fahali, hata kubadilisha aina ya ng'ombe, ni jaribio la bei nafuu kwa anayerudia.

Simama hapa: akishapandishwa mara 3 bila kushika, usinunue stroo ya 4. Mwite daktari ampime kizazi na ovari, kwa mkono au kwa ultrasaundi. Kuna ng'ombe ambao yai lao huchelewa kutoka, kuna wenye uvimbe wa maji kwenye ovari, kuna mirija iliyoziba. Huyo wa mwisho hatibiki, na ni heri ujue mapema.

Dalili ya 2: Anarudi siku zisizoeleweka

Chini ya siku 17: karibu kila mara mojawapo ya majoto hayo mawili halikuwa joto. Mtu alisikia kelele akapandisha. Kama anaonyesha joto kila wiki au siku mfululizo, huo ni uvimbe wa ovari, mwite daktari.

Siku 36 hadi 48: kwanza ujiulize kama lilikupita joto moja katikati. Mara nyingi ndivyo.

Siku 25 hadi 35, au zaidi ya hapo ukiwa na hakika hukupitwa: mimba ilijitambulisha, ikaanza kujishikiza, kisha ikafa. Tafuta kilichompata kati ya wiki ya pili na ya sita. Homa ya ndigana au ya miguu na midomo? Kiwele kilivimba? Ugonjwa wa kiwele baada ya kupandishwa huua viinitete, kwa sababu homa na kemikali za uvimbe hufika kizazini.

Alisafirishwa? Hili ni la kwetu sana. Mtu ananunua ng'ombe Githunguri au Nakuru, anaambiwa "amepandishwa juzi tu", anamsafirisha kwa pikapu kwa muda wa saa tano akiwa amesimama, anafika Utawala amelowa jasho. Kusafirisha kati ya siku ya 5 na ya 42 ni kuhatarisha mimba. Ama umchukue ndani ya siku 4 za kwanza, ama usubiri apimwe na athibitishwe ana mimba.

Alipewa dawa ya minyoo? Albendazoli haifai kwa ng'ombe katika siku 45 za kwanza za mimba. Huharibu kiinitete kinachojijenga. Soma kibandiko. Wauzaji wengi hawaulizi.

Na kama unatumia fahali wa kuazima, hapo pana jambo jingine. Kuna magonjwa mawili ya zinaa ya ng'ombe, trikomona na kampilobakta, ambayo fahali hubeba bila kuugua. Ng'ombe anashika, anapoteza mimba changa, anarudi ovyo ovyo. Dalili ni kwamba majirani wote waliomtumia fahali yule wanalia kilio kimoja. Acheni fahali, ingieni kwenye stroo, na daktari awapime wote kwa pamoja.

Dalili ya 3: Damu siku moja hadi tatu baada ya joto

Wengi hukata tamaa wakiiona. Haimaanishi mbegu imekataa wala imeshika. Ni kizazi kikijisafisha baada ya joto, na huonekana sana kwa mitamba. Inakuambia tu kwamba joto limepita, kwa hiyo ukiiona bila kuwa umepandisha, andika tarehe na umsubiri siku 18 hadi 20 mbele. Usimpandishe siku hiyo.

Dalili ya 4: Ute una usaha, mawingu au harufu

Ute wa joto unapaswa kuwa mwangavu kama ute wa yai. Ukiwa na madoa meupe au rangi ya maziwa, kizazi kina maambukizi, na stroo utakayoweka itapotea pamoja na kiinitete chake. Sababu ya kawaida ni kondo la nyuma lililokaa zaidi ya saa 24, kisha uzazi mgumu uliosaidiwa kwa mikono michafu, kisha mpandishaji asiyebadilisha vifuniko vya sindano yake.

Chunguza: alizaa lini? Usaha mzito katika wiki mbili za kwanza wakati ng'ombe anakula na hana homa unaweza kusubiriwa. Baada ya siku 21, usisubiri. Ruka joto hili, atibiwe, apandishwe joto linalofuata likiwa safi.

Simama umwite daktari mara moja kama ana homa, hataki kula, na ute ni wa majimaji ya rangi ya udongo unaonuka vibaya. Hiyo inaua. Na kondo lililokwama usilivute, usilifungie jiwe. Utararua kizazi na miezi yake ijayo yote itakuwa ya Dalili ya 1.

Dalili ya 5: Hakurudi, lakini mimba haipo

Kutorudi si mimba. Labda joto lilikuwa la kimya, labda alirudi usiku wa manane. Labda ni mkondefu kiasi kwamba ovari zimelala. Au kiinitete kilikufa baada ya kujitambulisha na mwili wa manjano ukabaki. Kizazi kilichojaa usaha na kufungwa nacho hufanya hivyo hivyo. Hutaona joto hata moja.

Dawa ya hili ni kupima. Ultrasaundi huona kuanzia siku 28 hadi 30. Mkono wa daktari mzoefu kuanzia siku 35 hivi, wengine hupenda kungoja siku 60. Ukimpima siku ya 30 ukamkuta nayo, mpime tena siku ya 60, maana vifo vingine hutokea katikati hapo. Gharama ya kumpima ni ndogo kuliko ya kulisha ng'ombe asiye na kitu kwa miezi mitano.

Dalili ya 6: Amethibitishwa ana mimba, leo anapandwa

Usikimbilie stroo. Ng'ombe wachache wenye mimba huonyesha joto, na sindano ikipita kwenye mlango wa kizazi uliofungwa, mimba nzima hutoka. Apimwe kwanza. Kama ni usiku na mpandishaji ameshafika, mwambie aweke mbegu ndani ya mlango wa kizazi bila kuuvuka. Mpandishaji mzuri atakuwa ameshasikia ute wa mimba ulivyo mzito na atakuambia yeye mwenyewe.

Hapa ndipo pa kuisema ile sindano ya kuleta joto ambayo kila mtu huitaka. Ni prostaglandini. Inavunja mwili wa manjano, kwa hiyo ng'ombe mwenye mimba ya chini ya siku 150 hivi ataitoa. Isichomwe kwa ng'ombe ambaye hajapimwa, hata kama mwenyewe anaapa hana mimba. Tena hupenya kwenye ngozi ya binadamu: mama mjamzito na mtu mwenye pumu wasiiguse kabisa. Dawa za kupunguza uvimbe aina ya deksamethasoni nazo hutoa mimba kubwa.

Dalili ya 7: Ametupa mimba inayoonekana

Hapa habari ya tarehe inaendelea kusaidia, ila usalama wako unatangulia. Vaa glavu. Watoto na mbwa wakae mbali. Usiguse kijusi wala kondo kwa mikono mitupu.

Ikitoka mwezi wa 5 kuendelea, wa kwanza kushukiwa ni brusela, na mara nyingi kondo hukwama baada yake. Ugonjwa huu huingia kwa binadamu kupitia maziwa mabichi na majimaji ya uzazi. Mtu huugua homa inayokuja na kuondoka, viungo vinauma, jasho usiku, na hutibiwa malaria au taifodi miezi kadhaa bila nafuu. Chemsha maziwa yote kuanzia siku hiyo, hata ya ng'ombe mwingine.

Mwezi wa 5 au 6, na kuna mbwa wanaozurura wakinya juu ya nyasi na kula makondo: shuku kimelea kiitwacho neospora. Haina dawa, na mama humpa ndama wake wa kike akiwa tumboni, kwa hiyo usibakishe uzao wake bila kupima. Kuna bakteria ya leptospira, inayoletwa na mkojo wa panya wa stoo ya chakula. Kuna ukungu wa chakula kibovu, ambao huacha kondo nene kama ngozi iliyokauka.

Baada ya mvua kubwa na mafuriko, ng'ombe, kondoo na mbuzi wengi wakitupa kwa pamoja katika umri wowote wa mimba na wachanga wakifa, hiyo ni Homa ya Bonde la Ufa hadi ithibitishwe vinginevyo. Ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1931 kutokana na kondoo wa shamba karibu na Ziwa Naivasha, na Kenya imeonja milipuko mikubwa ya 1997–98 na 2006–07 ambayo iliua watu. Usichinje, usichune, usiuze. Ripoti ofisi ya mifugo ya kaunti siku hiyo hiyo.

Kwa mimba moja iliyotoka, mwombe daktari achukue damu, na kijusi pamoja na kondo vifungwe kwenye mifuko miwili, viwekwe kwenye barafu bila kugandishwa, vipelekwe maabara kuu ya mifugo Kabete. Kuzika kabla ya kupima ni kupoteza jibu. Ng'ombe atengwe.

Wenye nguruwe na mbuzi

Kwa kifupi. Nguruwe naye hurudi siku ya 21, lakini yeye huhitaji viinitete 4 hivi vilivyo hai karibu siku ya 12 ili mwili ukubali kuna mimba. Vikiwa vichache zaidi, vyote hupotea. Usimhamishe wala kumchanganya na wenzake wageni katika mwezi wa kwanza. Akizaa vitoto vilivyokauka vya ukubwa tofauti, fikiria virusi vya parvo. Chanjo hutolewa kabla ya kupandwa.

Mbuzi hubeba siku 150 hivi na hutegemea mwili wa manjano hadi mwisho, kwa hiyo ile sindano ya joto humtoa mimba wakati wowote. Paka wakinya kwenye chakula chake huleta kimelea cha toksoplazma, na hapo tena mama mjamzito wa nyumbani asisaidie kuzalisha.

Ukimpigia daktari

Uwe na haya mkononi: tarehe aliyozaa mwisho na kama kondo lilitoka lenyewe, tarehe na saa ya kila joto na kila kupandishwa, jina la fahali lililo kwenye stroo (itunze ile stroo tupu, bandika kwenye kalenda), maziwa anayotoa, anachokula, kwa kilo au kwa debe, dawa yoyote aliyopewa tangu apandishwe, na kama kuna mtu nyumbani mwenye homa isiyopona au mwenye mimba. Hilo la mwisho wengi hulisahau, na ndilo linaloamua daktari aje jioni hii au aje kesho.